Mti Uliovaa Tope

Niseme mwenyewe kabla watu wa Ikonge hawajakuambia: ni mimi niliweka ile picha kwenye grupu. Hakuna mtu aliiba simu yangu, wala hakuna mtoto aliyebonyeza kwa bahati mbaya. Nilibonyeza na kidole changu, hiki cha kulia, nikiwa nimeshiba ugali na mboga ya chinsaga, tena nikitabasamu.

Naitwa Nyabuto. Nina diploma ya misitu, na huku kwetu Nyamira ukiwa na diploma ya misitu utaitwa Bwana Miti mpaka wakuzike. Kazi yangu ni kutembea mabonde ya huku juu, upande wa kaskazini, ambako vijito vyote vinateremka kwenda mto Sondu, nikitafuta mimea ya asili iliyobaki. Msitu wenyewe uliisha zamani. Watu walikata wakapanda majani chai, na pale chai ilikataa kwa sababu ya maji, wakapanda mikaratusi, hii tunaita blugamu. Blugamu inakunywa maji vile watu wa harusi wanakunywa soda: bila kuuliza nani amelipia. Kwa hivyo mimi natafuta mabaki. Mafunjo kidogo hapa, matete pale, omotembe mmoja na maua yake mekundu, umesimama kwa ua wa mtu kama mgeni ambaye hakuambiwa aketi.

Huu mti wa leo sitautaja jina. Uliza utakavyo, sitasema. Nimejifunza.

Mwenye mti ni Mokeira, mjane, goti bovu, mdomo mzima. Shamba lake liko kati ya Ikonge na Magwagwa, na hiyo ni sawa na kusema liko popote. Alikuwa ananiona nikipita barabarani na buti zangu na daftari, akawa ananicheka.

"Wewe kijana wa Nyamusi," aliniita siku moja. Kijana, na mimi nina mvi mpaka masikioni. "Unatafuta miti kwa barabara? Miti gani inatembea?"

"Ile inatoroka blugamu, mama."

Akacheka, akafungua lango, akanipeleka chini kwenye kinamasi chake. Tulipita migomba, tukapita mahali pa kufungia ng'ombe, tukaingia kwenye mafunjo yanayonizidi kimo. Katikati ya mafunjo ndipo nikauona. Nyinyi mnaona mti tu. Mimi nilifunga daftari. Shina ambalo watu wawili hawawezi kulikumbatia, gome jeusi lenye mipasuko kama mgongo wa mamba, na chini ya mizizi maji yanatoka, baridi, safi, yanajaza shimo dogo lililozungushiwa mawe. Aina hiyo ya mti niliisoma chuoni. Mkubwa hivyo sikuwa nimeuona kwa macho katika bonde letu lote.

"Shemeji zangu walikuwa na chemchemi kama hii," Mokeira akasema. "Huko juu, na huko ng'ambo. Wakakata, wakapanda blugamu. Sasa chemchemi zao ni hadithi. Kiangazi cha Januari wote wanakuja hapa na mitungi. Marehemu alikataa kukata. Aliniambia, siku huu mti utaanguka, wewe utaenda mtoni kuchota, na hilo goti lako."

Mto uko chini kabisa ya mteremko. Nimeushuka mimi mwenye magoti mawili mazima, nikapanda nikimwita Mungu.

Halafu akanionyesha kovu kwenye shina, upande wa jua linapotokea. Lilikuwa limepona, gome limerudi.

"Hapo nilichukua dawa ya goti. Unajua sheria yake?"

"Sijui, mama."

"Gome la kiasi cha kiganja. Halizidi. Unachukua upande wa jua linapotokea. Kisha unapaka tope pale umekata, kama unamfunga mtu kidonda. Na mwenye mti hauzi, na hakatazi. Mgonjwa akija akasema hodi, dawa hainyimwi. Ukimnyima, ule ugonjwa unaulizia kwako."

"Na wakija wengi?"

"Ndiyo maana hawajui." Akaniangalia. "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Basi umeuona peke yako. Usiseme."

"Mama, mimi? Mdomo wangu ni kaburi."

"Hata makaburi siku hizi yanafukuliwa," akasema.

Nilipiga picha moja tu, ya kumbukumbu. Na jioni hiyo, nimekaa kwa kiti changu, nikaitazama ile picha, nikaona dhambi kuificha. Tuna grupu letu la wasap, la wapenda miti wa bonde hili. Wapenda miti nasema hivyo kwa heshima. Wengi wanapenda grupu. Nikaandika: "Ndugu zangu, babu huyu bado yuko hai! Gome lake ndilo wazee wetu walitumia kwa mgongo, viungo, na ile shida ya mkojo ya wanaume wazima. Tumlinde!" Nikatuma. Sikutaja mahali. Sikutaja mtu. Nililala usingizi wa mtu aliyetimiza ahadi.

Walijibu wote. Amina. Barikiwa. Mungu ni mkubwa. Mikono ya maombi ikajaa kioo. Hakuna aliyeuliza ni wapi. Hilo peke yake lingenishtua. Hilo ni grupu ambalo ukitangaza harambee ya kanisa unaulizwa "wapi?" mpaka na mtu anayeishi kando ya hilo kanisa.

Mimi nasifiwa kwa macho. Nikiwa barabarani naona mmea mgeni kwa shamba la mtu kabla mwenyewe hajauona. Lakini kwenye picha yangu mwenyewe, kona ya kushoto, kati ya mafunjo mawili, kulikuwa na kichwa cha ng'ombe. Ng'ombe wa Mokeira. Ng'ombe wa pembe moja. Hakuna mwingine kutoka Ikonge mpaka Magwagwa, na hata watoto wa chekechea wanamjua.

Mimi nikaenda zangu semina, Nakuru. Semina ya kulinda mimea ya asili. Unaweza kucheka.

Kurudi, mgongo wangu ulikuwa umekunjika kwa vile viti vya plastiki vya semina. Mke wangu Phanice akanihurumia. Kila asubuhi na kila jioni alinipa chai nyekundu kidogo, chungu kidogo, yenye harufu fulani tamu ndani ya ule uchungu.

"Hii chai siku hizi ina msimamo," nilimwambia.

"Kunywa," akasema. "Usiulize chai maswali."

Nikakunywa. Na mgongo ukanyooka, nisiseme uongo. Wiki haijaisha nikavaa buti zangu, nikachukua mkate, nikaenda kumsalimia Mokeira na kuona mti wangu. Tayari nilikuwa nauita wangu, unaona?

Mokeira alikuwa ameketi kwa mlango wa jikoni. Hakunitania.

"Habari, mama."

"Ingia uone."

Nikafikiri ni mgonjwa ndani. Ndani ya jikoni kulikuwa na sukari. Pakiti za sukari zimepangwa ukutani, na miche ya sabuni, na majani chai, na mikate mingine imeanza kuota ukungu. Ilikuwa kama duka la Kaltuma pale sokoni siku ya kuleta mali.

"Kuna matanga?" nikauliza.

"Bado," akasema. "Shuka uone."

Nilishuka mbio. Kwenye migomba kulikuwa na njia. Mara ya kwanza tulipita tukisukuma majani. Sasa kulikuwa na njia pana, ngumu, imekanyagwa ikang'aa kama ya kwenda kanisani. Mafunjo yalikuwa yamelala pande zote mbili. Nikafika katikati, nikainua macho, na nikasimama.

Mti ulikuwa umevaa tope.

Sijui niseme vipi ili muone. Kutoka mizizi mpaka juu ya kichwa changu, na juu tena mpaka mahali mtu anafika akipandishwa mabegani, shina lote lilikuwa tope. Tope kavu la kijivu, limepakwa kwa mikono. Alama za vidole zilikuwa zinaonekana. Vidole vya wanawake, vidole vinene vya wanaume, viganja vidogo. Limepakwa vizuri, kwa upole, kama mtu anapaka mtoto mafuta. Na juu, majani yalikuwa bado kijani, yanacheza na upepo kana kwamba hayajaambiwa.

"Nyasae one, Mungu wangu," nikasema.

Nikachomoa kisu, nikakwangua tope. Chini yake hakuna gome. Nikakwangua pembeni. Mti mtupu, mweupe, unaanza kuwa kahawia. Nikakwangua chini, nikakwangua juu. Vipande vya kiasi cha kiganja, kimoja kando ya kingine kando ya kingine, vimekatwa sawasawa, hakuna hata kimoja kimezidi. Hakuna mwizi hapa. Mwizi angeacha vurugu. Hawa walikuwa watu wenye adabu.

Mokeira alikuwa amenifuata, anashika migomba kwa sababu ya goti.

"Walipiga hodi," akasema. "Wote. Hakuna aliyekuja bila sukari. Kila mmoja ananiambia, mama, nina mgonjwa, na Nyabuto ametuonyesha. Mimi ningesema nini? Dawa hainyimwi."

"Lakini mama, upande wa jua! Sheria si ni upande wa jua peke yake?"

"Upande wa jua uliisha siku ya kwanza." Alisema taratibu, kama mtu anayesimulia ajali. "Wa siku ya pili wakasema, jua la Juni halitokei hapo, linatokea huku kidogo. Ni kweli. Wakachukua huku. Wengine wakasema, na la Disemba je? Linatokea kule. Ni kweli pia. Halafu akaja mmoja amesoma, akasema dunia ndiyo inazunguka, kwa hivyo kila upande jua litaufikia. Nikamwangalia tu. Mashariki ikaenda ikaenda, ikazunguka mti mzima."

Ningecheka. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka nikalie tope. Nilishika shina, na pale nilipokwangua karibu na mzizi kulikuwa na kipande kidogo cha gome kibichi kimebaki. Nikakivunja kwa ukucha, nikakinusa, vile tunafundishwa.

Harufu tamu ndani ya uchungu.

Nilikaa chini. Kwenye maji, na suruali yangu. Mdomo wangu ulikuwa bado na ladha yake tangu asubuhi.

Nikampigia Phanice simu.

"Ile chai," nikasema.

"Imefanya nini?"

"Umeitoa wapi?"

"Si kwa Mokeira? Tulienda na akina Loice na Roselyne, baada ya Sabato. Nilichukua kiasi cha kiganja tu, Nyabuto, na nikapaka tope. Sikukosa adabu."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie nini, na wewe ndiye ulituambia kwenye grupu? Nilitaka iwe sapraizi. Mgongo umerudi?"

Nikakata simu. Nilikuwa nimekunywa ule mti. Asubuhi na jioni, na nikaomba niongezewe.

"Nyabuto," Mokeira akasema. Sasa hakuniita kijana wa Nyamusi. "Wewe ndiye umesoma. Majani bado ni kijani. Utapona?"

Hilo ndilo swali lililonifanya nisimame. Gome ndilo njia ya chakula. Majani yanapika juu, gome linateremsha chini kwa mizizi. Ukilikata kuzunguka shina lote, mti haulii siku hiyo. Utasimama kijani, utakupa kivuli, na huku chini mizizi inakufa njaa polepole. Mtu atapita aseme mti mzuri, kumbe anasalimia maiti. Na mizizi ikifa, tope hili halina wa kulishika, na hilo shimo la maji litakuwa mahali pa ng'ombe kukanyaga.

Sikumwambia hayo. Nilisema, "Ngoja nizunguke."

Upande wa machweo kinamasi ni kirefu. Niliingia, buti zikajaa, nikazama mpaka mapajani, nikawa natembea kwa kushika mafunjo. Nikafika nyuma ya shina. Tope la kupaka lilikuwa limefika mpaka hapo kutoka kushoto, na limefika kutoka kulia. Na katikati, kwa sababu hakuna mahali pa kusimama, watu wameshindwa kukutana.

Vidole viwili. Mstari wa gome wa upana wa vidole viwili, mweusi, mzima, kutoka mzizini mpaka juu kabisa. Niliupapasa mpaka mkono wangu ulipofika. Haujakatika.

"Mama!" nilipiga kelele. "Kuna njia! Kuna njia moja imebaki! Hii ikiachwa, unaweza kupona. Pole pole, lakini unaweza. Mtu yeyote asiguse hii!"

Mokeira alikuwa anaangalia juu, kwenye migomba. Kulikuwa na mtu anashuka.

Alikuwa Ochoki. Ochoki tunaimba naye kwaya. Yeye besi, mimi pia besi, lakini yeye anaweza. Kwapani alikuwa na pakiti ya sukari. Kiunoni panga ndogo. Na begani amebeba ubao mrefu, wa mafundi wa mjengo.

"Hodi wenyewe," akasema. "Aa, Bwana Miti! Umeoga na nguo?"

"Ochoki, huo ubao ni wa nini?"

"Wa kukanyaga. Mong'ina wa grupu letu aliniambia huko nyuma kumebaki kidogo lakini mtu anazama. Nikasema basi nitakuja na ubao." Alimpa Mokeira sukari kwa mikono miwili. "Mama, nina mgonjwa."

Mokeira akaipokea. Angefanya nini? Akaipokea, akaangalia chini.

Nilitoka kwenye tope kama kiboko. "Ochoki, ndugu yangu, sikiza. Hicho kilichobaki ndicho roho ya mti. Ukikata hapo, umeisha. Na maji yameisha. Huyu mama atachota wapi?"

"Mimi nataka ya kiganja tu."

"Kiganja hakipo! Vimebaki vidole viwili!"

"Basi nichukue kidole." Hakuwa anatania. "Nyabuto, watu wote wamechukua. Hata wale hawana mgonjwa wamechukua wakaweka kwa kabati. Mimi nilikuwa kazi ya mjengo Nyamache, ndiyo nimerudi. Yangu ndiyo imebaki. Mzee wangu hajalala. Anasimama chooni usiku mpaka kuche, analia kama mtoto, na mimi nimesimama nje ya mlango namsikia. Unajua kusikia baba yako akilia?"

"Mpeleke hospitali," nikasema. "Hiyo shida wanaitibu."

"Amekataa. Anasema anataka dawa ile Nyabuto alionyesha." Akanisogelea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Wewe umekunywa?"

Ningesema uongo. Mdomo wangu ni kaburi, si ndivyo?

"Nimekunywa."

"Mgongo?"

Mokeira naye aliniangalia. Hakuwa anajua kwamba kwangu pia kulifika. Niliona lile neno likimwingia, na niliona akilikubali, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angenitukana.

"Umepona," nikasema.

Ochoki akatikisa kichwa pole pole. Hakufurahi, wala hakukasirika. Alikuwa kama mtu amesomewa hesabu ikatoka vile alifikiri. Aliangalia mti, akaangalia tope kwenye suruali yangu, akaangalia maji yakitoka chini ya mizizi. Nilifikiri ataingia. Nilikuwa nimepanga kumshika miguu, na ni mtu mkubwa, angeniburuta.

Badala yake aliuteremsha ubao, akauegemeza kwa mgomba, vizuri, usianguke.

"Mama, nitauacha hapa," akamwambia Mokeira. "Ni mzito kupanda nao. Nitaupitia."

"Lini?" nikauliza.

Alikuwa ameshageuka. Tulimsikia akipanda, akimsalimia yule ng'ombe wa pembe moja, halafu hatukumsikia tena.

Mokeira aliketi kwenye mawe ya chemchemi. Alichota maji kwa kiganja, akanywa, akaniambia ninywe pia. Nikanywa. Baridi mpaka kwenye meno.

"Siwezi kumkataza," akasema. "Unajua siwezi. Akija na wengine kumi na ubao wao, nitasema karibu. Lakini wewe si mwenye mti. Wewe unaweza kukataza. Kile kidole chako kiliwaita, si kiwarudishe?"

Nikatoa simu. Ilikuwa imelowa lakini inafanya kazi. Picha ilikuwa bado hapo juu, na Amina zake, na ng'ombe wake. Nikaandika nikiwa nimesimama ndani ya maji:

"Ndugu zangu. Mti wa ile picha umebaki na gome la vidole viwili peke yake, na hilo likikatwa unakufa na chemchemi inakufa nao. Aliyechukua, sina neno naye. Hata mimi nimekunywa. Ambaye hajachukua, namwomba asije. Ochoki, baba yako nitamsindikiza hospitali mimi mwenyewe, nitaongea naye mwanaume kwa mwanaume, niambie tu ni asubuhi gani. Wengine, nijibuni hata neno moja nijue mmesikia."

Nikatuma. Alama zikageuka bluu. Phanice amesoma. Loice amesoma. Roselyne, Mong'ina, wa Magwagwa, wa Ikonge. Ochoki amesoma. Juu ya kioo palitokea kwamba mtu anaandika, tukangoja, kisha pakazima.

"Wamesema nini?" Mokeira akauliza.

"Wamesoma."

Aliangalia ule ubao.

"Waombe tena," akasema.

Nikaandika tena: "Tafadhali, msije."